Mahali pa Kuinamia

Mtu wa kwanza kunijulisha kwamba mgongo wangu umepinda hakuwa tabibu, wala mume wangu, Mungu amrehemu, wala mmoja wa wanangu, bali alikuwa fundi wangu wa cherehani, mtu mpole wa maneno machache ambaye duka lake, lisilozidi upana wa mikeka miwili, limo katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja, na ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye aliyenishonea mabuibui yangu, magauni yangu ya kazini na nguo za arusi za binti zangu wawili. Nilimwendea asubuhi moja ya mwaka 2016 na buibui jipya mkononi, nikamlalamikia kwa sauti ya mtu aliyesahihisha madaftari ya wana wa wenziwe kwa miaka 34, kwamba safari hii amelikata vibaya: mbele linaburura hata nalikanyaga nikipanda ngazi, na nyuma limepanda hata visigino vyangu vinatazamwa na wapita njia. Hakujitetea. Alivuta kutoka chini ya meza ya kukatia daftari lake kubwa lenye jalada lililochakaa, akafunua kurasa mpaka akafika kwenye jina langu, kisha akaligeuza nisome mwenyewe.

"Bi Mwalimu," akasema, "nimekata kwa vipimo vyako vya siku zote. Mbele inchi 55, nyuma inchi 55. Labda tukupime upya."

Mkewe akaniita nyuma ya pazia, akanipima kwa utepe. Nyuma ilikuwa inchi 55 kama zamani. Mbele ilikuwa 53. Yule mama alipima mara ya pili, akapima mara ya tatu, kisha akaukunja utepe taratibu na kuniambia kwa haya nyingi, kama ampaye mwenziwe habari ya msiba, "Bi Mwalimu, nguo haina kosa."

Kisa hiki nimekihadithia katika mabaraza mengi, na wasikilizaji wangu hucheka nami hucheka nao, lakini siku ile sikucheka. Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu ya Mchangani, na katika kila kioo cha duka nililolipita, badala ya kujiona mimi, nilimwona bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa na kibiongo tangu tulipomjua, nasi watoto tukidhani kwamba Mwenyezi Mungu huwaumba mabibi hivyo, kama alivyowaumba ng'ombe wetu na nundu. Haikutupitikia abadan kwamba mwanamke yule aliwahi kuwa na mgongo mwingine.

Nikitazama nyuma kwa insafu, naona kwamba mgongo wangu haukuanza kupinda uzeeni. Ulianza mwaka 1967, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nikawa mwari, na somo yangu akanikalisha ndani kunifunda. Miongoni mwa mambo mengi aliyonifunza, ambayo mengine yamenifaa mpaka leo, alinikanya nisitembee kifua mbele kama askari wa gwaride; mwanamke mwenye adabu, alisema, huyafunga mabega yake kama mlango wa nyumba yenye wageni. Nami nilikuwa mtoto mtiifu. Niliyakunja mabega, nikaivuta kanga mbele, nikashusha kidevu, na kila nilipopita mbele ya wakubwa niliinama kwa kuukunja mgongo wa juu, pale penye makombe ya mikono, ilhali kiuno na nyonga vimesimama wima. Simlaumu somo yangu, maana alinipa alichopewa. Lakini kiwiliwili ni mwanafunzi asiyeuliza swali, na ukikipa somo moja kila siku kwa miaka hamsini, hulishika.

Baada ya hapo kazi za nyumbani ziliendelea pale somo alipoishia. Nilikuna nazi juu ya mbuzi ambayo kibao chake hakikuinuka shibiri mbili kutoka sakafuni; nilifagia ua kwa ufagio wa chelewa, ambao urefu wake humtaka mfagiaji aongeze mgongo wake uwe ndio mpini; nilipika juu ya jiko la mkaa lililowekwa chini; na usiku, watoto wakiisha lala, niliinamia madaftari ya wanafunzi arubaini na tano chini ya taa. Katika maisha yangu yote ya kazi naikumbuka kazi moja tu iliyonitaka ninyooke, nayo ilikuwa ni kuandika tarehe juu kabisa ya ubao.

Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 48, nami nikamshukuru Mungu kwa kupumzishwa na taklifu ile, nisijue kwamba kuna mlinzi aliyeondoka nayo. Fuller Albright, tabibu wa Boston nchini Marekani, alikwisha kuandika mwaka 1941, pamoja na wenziwe, juu ya uhusiano wa kukoma hedhi na wembamba wa mifupa, lakini habari hiyo ilikuwa haijafika katika uchochoro wetu. Nilipokuja kufahamishwa, nilifahamu upesi kwa sababu nimezaliwa katika nyumba ya mawe na chokaa. Nyumba zetu za Mji Mkongwe hazisimami kwa kujengwa mara moja. Husimama kwa kukarabatiwa, chokaa kilichooza kikibanduliwa na kipya kikipakwa, mwaka baada ya mwaka. Mfupa nao ni vivyo hivyo. Zimo ndani yake chembe zinazobomoa na chembe zinazojenga, na homoni ya estrojeni ndiyo msimamizi anayewazuia wabomoaji wasiwashinde waashi. Msimamizi akiondoka, wabomoaji hutangulia, na mwanamke aweza kupoteza hata asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo, wala asisikie maumivu hata kidogo, kama vile mwenye nyumba asivyosikia boriti ikiliwa na mchwa.

Uti wa mgongo una pingili saba za shingo, kumi na mbili za kifua na tano za kiuno, na zile za kifua zimepinda kidogo kwa maumbile, kati ya nyuzi 20 na 40 kwa mtu kijana, kwa namna ya kupima iliyotolewa mwaka 1948 na mpasuaji wa New York aitwaye John Robert Cobb. Ukizidi nyuzi 40 huhesabiwa kuwa mgongo umepinda kupita kiasi. Watu wengi hudhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba kila kibiongo cha mzee kimetokana na mfupa uliovunjika, na kwa kuwa mfupa uliobonyea haurudi, basi hakuna la kufanya ila kungoja. Dhana hiyo si sahihi. Wengi miongoni mwa wazee waliopinda sana hawana pingili hata moja iliyovunjika. Kilichowapinda ni kusinyaa kwa zile gegedu zilizo baina ya pingili, kukazana kwa nyama za kifuani, na hasa unyonge wa nyama za mgongo, zile ndefu zinazoushika uti kama kamba za mlingoti. Wengine, kama mimi, wana vyote viwili, unyonge wa nyama na mfupa uliovunjika, na habari ya namna nilivyovunjika mfupa huo inanifedhehesha kidogo, lakini haina budi kusemwa.

Baada ya kadhia ya buibui niliazimia kujinyosha, nikajiunga na kikundi cha kina mama waliokuwa wakifanya mazoezi pwani kila alfajiri. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye afya na nia njema, ambaye mwili wake haukuwahi kumkatalia jambo. Alitusimamisha mstari mmoja mbele ya bahari, akatuamuru kushika ncha za vidole vya miguu mara ishirini pasipo kukunja magoti, kisha tulale chali mchangani na kuvileta vifua mpaka vikutane na mapaja. Nilijisikia shujaa. Nilikuwa nimepinda mbele, na nilikuwa nikifundishwa kupinda mbele zaidi, wala hapana kati yetu, mwalimu wala mwanafunzi, aliyeuona mzaha huo. Katika wiki ya saba, nikiwa nyumbani, niliinama kuinua ndoo ya maji iliyojaa nusu, mgongo ukiwa umekunjwa kama somo alivyonifunda na kijana alivyoninoa, nikasikia kitu katikati ya makombe kikilia kama kijiti kikavu.

Maumivu yalizunguka mbavu zangu kama mshipi. Kwa siku tatu nilikandwa na kupakwa mafuta ya karafuu. Siku ya nne nikapigwa eksirei, na picha ikaonesha kwamba pingili ya nane ya kifua imebonyea upande wa mbele, nyuma ikabaki na kimo chake, hata ikawa na umbo la kabari. Tabibu wa kwanza aliyeitazama, katika mahali ambapo sina haja ya kupataja, aliniambia bila ya kuinua macho, "Mama, huu ni uzee. Pumzika." Nikapumzika. Miezi miwili nililala, nikapakuliwa chakula, nikasali nimeketi juu ya kiti, na nilipoinuka sikuweza kusimama muda wa kuchemsha chai bila ya kuegemea ukuta. Nyama za mgongo wangu, zilizokuwa dhaifu, zilikuwa sasa zimekufa ganzi kwa uvivu niliouita tiba. Nilipata wakati huo kuelewa kwa nini waliovunjika pingili moja aghalabu huvunjika ya pili.

Tabibu wa pili alikuwa mtu wa subira. Alinipa kidonge cha kumezwa mara moja kwa wiki, kwa bilauri kamili ya maji kabla ya chakula, pamoja na sharti la kutolala kwa nusu saa kisije kikaniunguza umio. Akanishauri juu ya dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, na kuota jua. Kisha akanipeleka kwa wale ambao sisi tunawaita kwa ufupi watu wa mazoezi.

Nilimkuta huko binti mmoja wa Moshi, mfupi wa kimo, mwenye mikono ya mchukuzi wa bandarini na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. "Shikamoo, Bi Mkubwa," aliniambia, na kabla sijamaliza kumwitikia marahaba alikwisha kunisimamisha ukutani, visigino, makalio na mgongo vikiugusa, akaniomba niguse ukuta kwa kisogo bila ya kuinua kidevu. Sikuweza. Alitia rula katika mwanya uliobaki, akasoma: sentimita 9. Akaziandika kwenye kadi yangu, akacheka kidogo.

"Hizi, Bi Mkubwa, nyingine ni za mfupa na nyingine ni za nyama. Za mfupa tumwachie Mungu na vidonge. Za nyama ni zetu mimi na wewe."

"Utazijuaje zipi ni zipi, mwanangu?"

"Hatuzijui mpaka tufanye kazi. Zitakazorudi ndizo za nyama."

Sijapata kusikia, katika miaka yangu yote ya ualimu, mtihani ulioelezwa kwa insafu namna ile.

Mazoezi yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kuniaibisha. La kwanza lilikuwa kulala chali juu ya mkeka, taulo lililokunjwa likiwekwa chini ya mgongo kwa urefu wa uti, magoti yamekunjwa, mikono imetandazwa huku na huku viganja vikitazama juu, na kukaa hivyo dakika tano, baadaye kumi, nikivuta pumzi mpaka mbavu zifunguke ubavuni. Nililidharau mpaka nilipohisi nyama za kifua changu zikilalamika kama bawaba za mlango uliofungwa tangu enzi. La pili lilikuwa kukivuta kidevu nyuma, si juu wala chini, kama mtu aliyeletewa kitu kinachonuka puani, nikakizuia hapo kwa hesabu ya tano. La tatu, kuyakusanya makombe ya mikono kana kwamba nimebana kikaratasi baina yao, pasipo kuyapandisha mabega masikioni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi sina amri juu ya makombe yangu: nilikuwa nikiyaamrisha yaende nyuma, yakaenda juu.

Zoezi la nne aliniruhusu baada ya wiki sita tu, mfupa ulipokwisha kutulia. Nililala kifudifudi, mto chini ya tumbo, mikono kando, nikainua kichwa na kifua kiasi cha vidole vinne kutoka kwenye mkeka, macho yakiendelea kutazama mkeka, kisha nikashuka taratibu. Mara ya kwanza niliinua pua tu. La tano lilikuwa la kusimama kwa mikono na magoti na kunyosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, kisha kubadilisha. Na la sita nililipenda kuliko yote, kwa kuwa lilihitaji mlango. Niliweka mikono juu ya miimo miwili ya mlango wetu wa nakshi, viwiko vimekunjwa usawa wa mabega, nikasogeza mguu mmoja mbele ya kizingiti na kukiacha kifua kitangulie nje. Mlango ule ulichongwa kabla ya kuzaliwa baba yangu, na sidhani kama seremala wake aliwahi kuwaza kwamba utakuja kuwa tabibu.

Lakini somo kuu nililolipata kutoka kwa binti yule halikuwa zoezi la mkekani. Siku moja alichukua mpini wa ufagio, akaniwekea mgongoni, ukigusa mahali patatu, kisogoni, baina ya makombe na kwenye kifandugu, akaniambia niiname mpaka kiunoni bila ya mpini kuachana hata na pamoja kati ya mahali hapo patatu. "Usikunje mgongo," alisema. "Kunja nyonga. Rudisha makalio nyuma, legeza magoti kidogo, mgongo uje mzima kama ubao." Niliinama, mpini ukaanguka. Nikainama tena, ukaanguka tena. Mara ya nne nilisimama ghafula katikati ya chumba kile nikashikwa na kicheko, hata akaogopa kwamba nimepatwa na jambo.

Nilikuwa nimemkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, mwanamke mzee aliyetufundisha wasichana Kurani na sala barazani kwake, ambaye alipotufunza rukuu alikuwa akiweka bakuli la maji juu ya mgongo wa kila mmoja wetu, na ole wake aliyelimwaga. Mgongo uwe sawa, alisema, maji yatulie. Tulikuwa watoto wa miaka saba na minane, na maji yalitulia. Kisha tukawa wari, tukafundwa kuinama kwa namna nyingine, na pasipo mtu kukusudia, namna ile ya pili iliingia mpaka ndani ya sala yangu. Kwa miaka hamsini nilikuwa nikirukuu kwa mgongo wa juu, mara kumi na saba kwa siku katika sala za faradhi, ilhali bakuli lilikwisha kunifunza mahali pa kuinamia tangu sijaota meno yote ya ukubwani. Nilimweleza binti wa Moshi, ambaye ni Mkristo na hajapata kuona rukuu kwa karibu, nikamwonesha. Alinizunguka, akaweka mpini mgongoni pangu, na safari hii haukuanguka.

"Bi Mkubwa," alisema, "kumbe ulikuwa unalijua."

Tangu siku hiyo aliacha kunihimiza nihesabu kuinama kwangu, maana sala zilinihesabia. Niliinulia ndoo kwa rukuu, nilitandika kitanda kwa rukuu, nilimpokea mjukuu kutoka sakafuni kwa rukuu na magoti. Na kutoka kitandani nilifunzwa kugeuka ubavu mzima kama gogo, kisha nijisukume kwa mkono, badala ya kujikunja mbele kama nilivyofanya tangu utoto.

Nilipouliza ni kwa hoja gani mazoezi ya pwani yalikuwa na madhara na haya yana manufaa, alinitajia jina ambalo mjukuu wangu baadaye alinitafutia habari zake: Mehrsheed Sinaki, tabibu wa Mayo Clinic katika mji wa Rochester, Minnesota, ambaye mwaka 1984, pamoja na mwenziwe aitwaye Mikkelsen, alitoa taarifa ya wanawake 59 waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa ya mgongo iliyodhoofika. Baadhi yao walipewa mazoezi ya kunyosha mgongo nyuma, baadhi ya kuukunja mbele, baadhi ya namna zote mbili, na baadhi hawakupewa mazoezi. Walipopigwa picha tena, miongoni mwa walionyosha ni asilimia 16 tu waliopata pingili mpya zilizobonyea; miongoni mwa waliokunja mbele ni asilimia 89; waliochanganya, 53; na wale wasiofanya lolote, 67. Naam, idadi ya wanawake ilikuwa ndogo, na mtu mwangalifu hajengi sharia juu ya watu 59. Lakini niliiandika ile 89 kwa kalamu nyekundu pembeni mwa karatasi, nikaitazama kwa muda, nikakumbuka mchanga wa pwani na vidole vyangu vya miguu.

Sinaki huyo huyo na wenziwe walitoa taarifa nyingine mwaka 2002, nayo ndiyo iliyonishika zaidi. Wanawake 27 walilala kifudifudi na kuinua kifua mara kumi, siku tano za wiki, wakiwa wamebeba mgongoni mfuko wenye uzito wa theluthi moja hivi ya nguvu za migongo yao, kwa muda wa miaka miwili; wengine 23 hawakufanya. Kisha wakaachwa waende zao. Miaka minane baadaye waliitwa tena, na ingawa mazoezi yalikwisha zamani, pingili zilizobonyea kwa wale wa mfuko zilikuwa asilimia 1.6, na kwa wenzao 4.3.

Habari hiyo ya mfuko ilinitia tamaa, na tamaa ikanitia ujinga. Nilijaza kilo mbili za mchele katika mkoba wa shule wa mjukuu, nikaufunga mgongoni, nikalala mkekani bila ya idhini ya mtu. Maumivu yalinilaza siku mbili, na binti wa Moshi, aliponiona, hakucheka. Aliniambia kwamba wale walipimwa nguvu zao kwa chombo kabla ya kupewa uzito, na kwamba pingili yangu iliyovunjika haikusoma taarifa ile. Mchele ukarudi jikoni. Baada ya miezi mitano alinipa mwenyewe mfuko wa mchanga wa nusu kilo, nami nikaupokea kwa adabu.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yalikwenda kwa kasi. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti yoyote, wa pili niliona uchovu tu, na mara nyingi nilijikuta nikitafuta udhuru: mvua, mgeni, kichwa. Taarifa iliyotoka San Francisco mwaka 2017, ya Wendy Katzman na wenziwe, ilihusu watu 99 wa miaka 60 na zaidi, wanawake kwa wanaume, na waliopewa mazoezi waliyafanya mara tatu kwa wiki kwa nusu mwaka. Mgongo wao ulipungua kupinda kwa nyuzi tatu hivi. Nyuzi tatu! Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Kwa miezi sita ya jasho, pembe isiyoonekana kwa jicho. Lakini niliposimama tena ukutani, mwezi wa saba wa kazi yangu, na rula ikasoma sentimita 6, nilijua kwamba zile tatu zilizorudi zilikuwa na thamani nisiyoweza kuieleza kwa rula: nilikuwa napanda ngazi zetu 27 bila ya kusimama katikati kutafuta pumzi, kwa kuwa mapafu yalipata nafasi katika kifua, nilikuwa naweza kuifikia rafu ya juu, na, jambo ambalo sikulitazamia, nilianza kuyaona tena maroshani. Kwa miaka sijui mingapi nilikuwa natembea katika mji huu nikitazama mawe ya njia na miguu ya watu.

Nyumbani napo palihitaji kunyoshwa. Ufagio wa mpini mrefu uliingia uani baada ya mvutano na mke wa mwanangu, aliyeapa kwamba hauondoi vumbi pembeni, na kusema kweli hauondoi. Jiko lilipandishwa juu ya meza ya saruji. Juu ya nazi nilikataa ushauri wa kila mtu, kwa kuwa tui la mashine, samahani kwa wanaolipenda, ni maji yaliyotiwa nazi. Badala yake nilimwita seremala akang'oa chuma cha mbuzi yangu na kukipiga kwenye benchi la kimo cha kiti, nami nakuna nikiwa nimeketi wima kama karani wa mahakama. Jirani zangu walikuja kutazama, wakacheka, na wawili wakaondoka na jina la seremala.

Hao jirani, na wengine waliosikia, sasa huja barazani kwangu alasiri, wengi wao wakiwa wa umri wangu, na huniomba niwaoneshe. Huwaonesha la kidevu, la makombe na la mlango. Lile la kuinua kifua simfunzi mtu ambaye hajapigwa picha na kuulizwa habari zake na mtaalamu, na mwenye maumivu mapya humkataza hata hayo matatu, nao wananiona mchoyo. Mmoja wao aliniuliza kama si vibaya kwa mwanamke wa makamo yetu kutembea na kifua mbele. Nilimwambia asimame, akasimama, nikamwekea mpini wa ufagio mgongoni.

Mwezi wa Shaabani mwaka 2018 nilimpelekea fundi kitambaa cha buibui la Idi. Mkewe alinipima nyuma ya pazia, akatoka bila ya kusema kitu, akampa mumewe kikaratasi. Fundi alikisoma, akafunua daftari lake, akalinganisha mistari miwili kwa ncha ya kalamu, kisha akaniangalia juu ya miwani yake.

"Bi Mwalimu, nyuma 55, mbele 54. Nikate sawasawa, uone kama utajaza?"

Pingili yangu ya nane ilikuwa kabari kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimeiona tena katika picha mwezi mmoja kabla yake.

"Kata 54," nilimwambia, "lakini pindo liache nene."

Akaiandika 54 chini ya 53, akachukua mkasi.